Mofini ya sindano nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali ninayoulizwa nikipita majumbani kuangalia wagonjwa wenye maumivu makali ya muda mrefu, wengi wao wa saratani, na mengine huja kwa vois za WhatsApp saa saba za usiku. Nimeyaweka kama yalivyoulizwa. Dozi ya mgonjwa wako iko kwenye cheti chake, hapa huikuti, lakini ukishasoma utajua cha kumuuliza dokta na utajua kipi usikubali kifanywe kwa kukisia, mana kwenye mofini kinachonitisha mie ni kukisia kuliko dawa yenyewe.

Kwani mofini si ndo huu huu unga wa mateja?

Ukoo mmoja, ndio. Zote asili yake afyuni, na heroini yenyewe hutengenezwa kutokana na mofini, kwa hiyo anouliza hivi hajakosea na wala simcheki, sisi Zanzibar tumeumizwa na unga, nyumba nyingi zina kijana alopotea hivyo. Lakini angalia watu wawili hawa. Teja anaitafuta nishai mpaka anauza sufuria ya mamake. Mgonjwa wa saratani ukimpa mofini kwa kipimo chake anageuka ubavu, analala, asubuhi anataka chai na kuuliza nani kafariki mtaani. Mwili wake utaizoea dawa, hilo ni kweli na linatokea kwa kila mtu akitumia wiki kadhaa, ndo mana haikatwi ghafla, ikisimamishwa siku moja mtu hutoka jasho, akatetemeka, tumbo likamkata, akawa hana raha. Huko ni mwili kuzoea, na uteja ni jambo jengine. Maumivu yakipungua, tuseme baada ya mionzi, dokta anaishusha kidogo kidogo mpaka inaisha.

Ila kama humo nyumbani kuna mtu anotumia unga, au mgonjwa mwenyewe yuko kwenye methadoni, ile dawa wanayopewa wanaoacha unga, pale spitali ya Kidongo Chekundu, msimfiche dokta. Methadoni na mofini zikikutana bila mtu kujua zinaweza kuzima pumzi, na dawa itabidi ikae mahali pengine. Aibu tuiweke pembeni kwa hili.

Baba kaandikiwa sindano badala ya dawa ya maji, ndo tuseme safari imeshafika?

Hapana. Mofini ya kunywa ndo ya mwanzo kwa kila mtu anoweza kumeza, na wengi walotibiwa Ocean Road, spitali ya saratani ya Dar, hurudi na kichupa cha dawa ya maji. Sindano inakuja pale kumeza kunaposhindikana: saratani ya koo la chakula, kutapika kusikokwisha, utumbo ulioziba, au mgonjwa amedhoofika mpaka kijiko kinamwagika. Wengine huchomwa siku chache, matapishi yakatulia, wakarudi kwenye kunywa.

Najua wapi fikra hii inatoka. Mtu kachomwa saa kumi, saa kumi na mbili kakata roho, basi mtaa mzima unasema sindano imemmaliza. Mgonjwa aliekuwa ukingoni angekwenda na sindano au bila sindano, tofauti ni kwamba mmoja anakwenda akipiga mayowe na mwengine ametulia na wanawe wako pembeni. Mofini ilopandishwa polepole kwa kipimo sahihi haifupishi umri wa mtu.

Mbona dawa ya maji alikuwa anakunywa nyingi na sindano ni kidogo hivi, hawajampunja?

Hawajampunja. Ya kunywa kabla haijafika kwenye damu inapita ini, na ini linaila sehemu kubwa. Ya sindano haipiti huko. Kwa hiyo kipimo cha sindano huwa kama thuluthi mpaka nusu ya kile cha kunywa, dokta ndo anaepiga hesabu. Asije mtu akasema "alikuwa akinywa thalathini basi mchome thalathini", hiyo ni hatari kubwa mno. Na dawa ya maji ya kunywa haichomwi kabisa, kuna watu wameuliza, jawabu ni haichomwi.

Hapa nataka tukae kidogo mana ndipo makosa yanapotokea. Kuna miligramu na kuna mililita. Miligramu ni dawa yenyewe, mililita ni maji inamokaa. Chupa ndogo ya kioo, ile ampulu, imeandikwa ubavuni, kwa mfano miligramu 10 kwa mililita 1. Dokta kaandika miligramu 5, basi unavuta nusu mililita, sawa. Mwezi wa pili unakwenda kuchukua dawa unapewa boksi jengine, ampulu zinafanana kama ndugu, lakini hizi zimeandikwa miligramu 15 kwa mililita 1, na wewe mkono umeshazoea nusu mililita. Umempa miligramu saba na nusu, yaani mara moja na nusu ya alichoandikiwa, na hujui. Kwa hiyo kila boksi jipya, soma upya, mwite na mtu wa pili asome, hata mtoto wa skuli anojua kusoma, halafu mpigie nesi mumwambie mmesoma nini kabla hamjachoma.

Na bomba. Omba bomba dogo la mililita moja lenye mistari ya 0.1, 0.2, 0.3. Bomba la insulini la bibi mwenye sukari liacheni hapo hapo lilipo, lile linahesabu kwa yuniti, yuniti 100 ndo mililita moja, na mtu alosikia "nukta tano" akavuta mpaka kwenye mstari wa tano hapo keshampa moja ya kumi ya dozi. Mgonjwa atalia usiku kucha na nyie mtasema dawa haifanyi kazi.

Nani achome, na achome wapi?

Nesi ndo wa kwanza. Lakini nesi hawezi kulala kwenu, kwa hiyo mara nyingi tunaweka sindano ya kipepeo, ile ndogo yenye mabawa na mrija mwembamba, chini ya ngozi tu, kwenye mkono wa juu, tumboni, pajani au kifuani chini ya mtulinga, tunaibandika plasta ya kuonekana ndani, na mtu mmoja wa nyumbani anafundishwa kutia dawa kwenye mrija bila kumdunga mgonjwa tena na tena. Mmoja, wa pili akiwa akiba. Sio kila alokuja kumkagua mgonjwa.

Kipepeo hukaa siku kadhaa. Kila asubuhi angalia: ngozi imekuwa nyekundu, imevimba, ngumu kama punje ya choroko, inatoa majimaji, inauma ukigusa? Inatolewa na kuhamishwa, mana hapo dawa haiingii vizuri. Usichome kwenye mguu uliovimba maji kwa sababu hiyo hiyo. Osha mikono kwa sabuni kabla, kila mara, hata kama umetoka kutia udhu sasa hivi. Na dawa itiwe polepole, ukiisukuma kwa haraka inamuunguza.

Ya mshipani ni kazi ya spitali. Nyumbani hatuigusi.

Nimsubiri mpaka aumwe ndo nimchome?

Hapana, na hili nalisema mpaka nachoka. Mofini ya sindano ya kawaida inaanza kufanya kazi kama robo saa mpaka nusu saa na inashika kiasi cha saa nne. Maumivu ya siku zote yanapewa dawa kwa saa, iwe analia au halii. Ukingoja mpaka alie umechelewa, maumivu yameshapanda na itahitajika dawa nyingi zaidi kuyateremsha. Wazee wetu nao wana tabia ya kusubiri, khasa wanaume wa shamba, anasaga meno anakwambia "n'nasubiri, alhamdulillah". Subira haipungui kwa kupewa dawa, mzee wangu.

Dokta huandika pia dozi ya ziada, kwa yale maumivu yanayochomoza katikati, au kabla ya kumuogesha na kubadilisha kidonda. Kama ya ziada inatumika mara nyingi kwa siku, maana yake dozi ya kawaida haitoshi, mpigie dokta, usiongeze mwenyewe. Umesahau dozi moja? Mpe unapokumbuka, halafu saa zihesabiwe kutoka hapo, usimpe mbili kwa pamoja kufidia.

Nunueni daftari. La shilingi chache la skuli linatosha. Saa, miligramu, mililita, nani kachoma, maumivu yalikuwaje kutoka sifuri mpaka kumi kabla na baada ya nusu saa, na choo. Kuna nyumba moja Jang'ombe mtoto wa kike alichora mistari kwa rula na akawa anaweka sahihi kama karani wa benki, na dokta alipolifungua lile daftari hakuuliza swali lolote, aliona mwenyewe kuwa maumivu yanarudi kila alfajiri, akarekebisha pale pale. Pale penye wachomaji wawili bila daftari, siku moja mmoja atachoma saa mbili na mwengine saa mbili na robo.

Tangu aanze analala tu. Niogope?

Siku mbili tatu za mwanzo, na kila dozi inapopandishwa, kusinzia ni kawaida, tena wengi wana deni la usingizi la miezi. Ukimwita anafumbua macho anakujibu, basi mwache alale.

Cha kuogopa ni hiki: unamwita, unamtikisa bega, haamki au anaguna tu. Pumzi zinakuwa za mbali mbali, hesabu kwa saa dakika nzima, zikiwa chini ya kumi hapo pana jambo. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Midomo au kucha zinabadilika rangi, au anakoroma kwa sauti ya maji kooni ambayo sio kukoroma kwake. Hapo usimpe dozi nyengine, mlaze ubavu, endelea kumwita na kumwambia avute pumzi, mpigie nesi huku mwengine anatafuta gari, na mwende na daftari na boksi la dawa. Spitali kuna dawa ya kuizima mofini, inaitwa naloksoni. Usimmwagie maji ya baridi, usimpe maziwa, atapaliwa.

Kuna dalili nyengine ndogo zinazotangulia na watu huzidhania majini: mikono na miguu kurukaruka yenyewe, kuona watu wasiokuwepo, kuchanganya maneno. Inaweza kuwa dawa imezidi mwilini, au figo zimechoka, mana mabaki ya mofini hutolewa na figo, na zikishindwa yanajikusanya. Mkojo ukipungua sana mwambieni dokta siku hiyo hiyo. Mwenye figo mbovu na mtu mzima sana huanzishiwa kidogo na saa hutanuliwa. Kusomewa asomewe, wala sikatazi, lakini simu kwanza.

Choo kimekuwa kigumu, siku ya tano sasa.

Siku ya tano mmechelewa. Kichefuchefu kitaondoka ndani ya wiki hivi, usingizi utaondoka, kuwashwa hupoa, lakini kukosa choo hakuondoki maadamu mofini ipo, kwani inaupunguzia utumbo mwendo. Kwa hiyo dawa ya choo, bisakodili au sena au ile watakayokupa, inaanza siku moja na mofini. Papai zuri, maji mazuri kama anakunywa, ila peke yake havitoshi. Siku tatu bila choo, piga simu. Na kama tumbo limejaa, linauma kwa kukata na anatapika, usimpe dawa ya choo, inaweza kuwa utumbo umeziba, apelekwe.

Kichefuchefu?

Kipo kwa baadhi, kina dawa yake, muombeni dokta aiandike tangu mwanzo.

Naweza kumchanganyia na Panado, diklofenaki, valiamu, miti shamba?

Panado haina ugomvi na mofini na mara nyingi hutumiwa pamoja, kwa kipimo chake. Diklofenaki na ndugu zake ni kwa ruhusa ya dokta, kwa ajili ya figo na tumbo. Maumivu ya mishipa ya fahamu, yale ya kuchoma kama pilipili au shoti ya umeme, mofini peke yake huyashinda kwa tabu, kuna amitriptilini na gabapentini huongezwa, ulizia. Zinazotisha ni zote zinazolaza: valiamu, vidonge vya usingizi, piritoni, tramadoli alopewa na jirani, na pombe. Kila moja inaongeza uzito juu ya pumzi. Dokta akiziandika mwenyewe kwa kujua, sawa. Nyie msiongeze.

Kombe la zafarani na marashi anywe kama anameza, halina neno. Mizizi ilochemshwa ni jambo jengine, hakuna anojua mna kiasi gani cha nini humo ndani na figo ndo zitalipa. Nileteeni niione walau, sitagomba.

Ramadhani sindano inafunguza?

Mgonjwa kwanza ana ruhusa ya kula, iko ndani ya Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 184 na 185, na asie na tamaa ya kupona kuna fidia. Kwa anotaka kufunga na dokta kamruhusu, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilokutana Jeddah mwaka 1997 lilisema sindano za ngozi, misuli na mshipa hazifunguzi, isipokuwa zile za lishe. Mofini si lishe. Shekhe wako muulize, lakini muulize kabla ya mwezi kuandama, sio ile siku ya kwanza mchana mgonjwa anajikunja kitandani na nyumba nzima inabishana.

Mie sina saratani, mgongo unaniuma mwaka wa sita, kwa nini sipewi hiyo mofini? Duka la dawa wananichoma diklo tu.

Kwa maumivu ya mgongo, magoti na mfano wa hayo mofini ya sindano kwa muda mrefu sio njia, faida inapungua na madhara yanabaki. Mazoezi ya viungo, kupunguza uzito, na dawa nyengine za kumeza hufanya kazi zaidi. Mwenye selimundu akipandwa na maumivu ni habari nyengine, huyo anaweza kuhitaji mofini lakini apewe spitali na aangaliwe.

Sasa hiyo diklo. Sindano ya diklofenaki ni ya siku moja au mbili, sio kila Ijumaa kama ada. Ukiizoea inatoboa tumbo, inapandisha presha na inamaliza figo kimya kimya. Halafu hilo la kuchomwa takoni na mtu asiesomea: pale pana mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, sindano ikiupata mguu unabaki kuburura. Namjua mtu aliingia dukani kwa miguu yake akatoka ameshikiliwa. Na pethidini, kwa wale wanaoiulizia, haifai kwa maumivu ya kila siku, mabaki yake yanaleta degedege.

Umeme unakatika kila mara, dawa niiweke wapi?

Friji haihitajiki. Iache kwenye boksi lake isipigwe na mwanga, chumba chenye kivuli, mbali na dirisha na jiko, isigandishwe. Kubwa zaidi ni kufuli. Kasha la bibi lenye ufunguo ni zuri sana, ufunguo mmoja kwa mchomaji, na ampulu zihesabiwe kila jioni ziandikwe kwenye lile daftari. Ampulu ikishavunjwa, iliyobaki humo haiwekwi akiba ya saa nne zijazo.

Kwa nini kila mara cheti, sahihi, kitambulisho, kama tunaomba bunduki?

Mana mofini inadhibitiwa dunia nzima, kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961. Watu wanaukumbuka mkataba huo kwa kukataza, lakini utangulizi wake unasema dawa hizi ni za lazima kwa kuondoa maumivu na nchi zihakikishe zinapatikana. Kwa hiyo ni haki yako na kuna karatasi zake. Mie naona karatasi zimekuwa nyingi kuliko dawa, ila ndo tulivyo kwa sasa. Usingoje ampulu ya mwisho. Nenda zikiwa zimebaki za wiki nzima, na kama mko Pemba, Konde au Micheweni huko, hesabuni na siku ambazo bahari inachafuka na boti haziji, na sikukuu. Ikiambiwa hakuna, uliza palepale nani mwengine anayo, na dokta abadilishe ratiba, usirudi nyumbani mikono mitupu ukamkatisha dawa ghafla.

Tunasafiri naye, tubebeje?

Kwa boti ya Pemba, Unguja au Dar: boksi la asili lenye jina lake, cheti, barua ya dokta, vyote kwenye mkoba wa mkononi sio kwenye mizigo. Muscat, Dubai, India au Umra ni mbali zaidi, nchi nyengine zinataka kibali kabla hujapanda ndege na wasipokukuta nacho hawasikilizi kuwa mama anaumwa, kwa hiyo anzeni ubalozini mapema.

Sindano zilotumika na dawa zilobaki tufanyeje?

Sindano usiifunike tena kofia yake, utajidunga. Tia moja kwa moja kwenye kisanduku cha sindano tulichowapa, kikikosekana basi dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, na likijaa robo tatu lirudi kituo cha afya. Jaani hapana, watoto wetu wanachezea huko, na ufukweni ndo usiseme. Ampulu zilobaki, iwe mgonjwa kapona, kabadilishiwa dawa au kafariki, zinarudishwa pale zilipotoka pamoja na daftari na mnapewa mtu wa kutia sahihi kuwa kazipokea. Jirani yenu akiwa na mgonjwa kama wenu na akaja kuziomba, mwelekezeni kwa dokta, lakini ampulu msimpe.